Kopo la Mzee wa Nyuki

Mwezi uliopita nilipanda Gare, kijijini kwetu milimani, kwa msiba wa shangazi. Baada ya mazishi binamu yangu akanipeleka kunywa soda kwenye baa mpya iliyo chini ya barabara, na nilipoketi kwenye kiti cha plastiki na kutazama mteremko wa bondeni, ndipo nilipotambua nimekaa wapi. Hapo ndipo palipokuwa na kilabu cha bibi yangu. Televisheni ilikuwa inapiga kelele, mhudumu anachezea simu, na mimi, mama mtu mzima, uso ukaniwaka kwa aibu. Ngoja nikueleze sababu, ndugu yangu, maana sijawahi kuieleza vizuri.

Bibi alikuwa akipika boha, ile pombe yetu ya miwa. Kuanzia Alhamisi nyumba nzima ilinukia utamu wa miwa inayotwangwa kwenye kinu, na kufikia Jumapili utamu ule umeshageuka ukali unaopanda puani. Watu walikuja moja kwa moja kutoka misani, na nguo zao nzuri. Kwa sababu ya baridi na ukungu walikaa kwenye magogo kuzunguka moto, na pembeni kulikuwa na chungu cha makande ambayo mtu alijipakulia mwenyewe.

Lakini watu hawakufuata makande. Walimfuata bibi. Kila aliyeingia aliulizwa jambo lake: huyu ng'ombe wake amezaa, yule maharage yake yamepona ukungu. Kisha bibi aliisuuza kata kwa maji ya moto mbele ya macho yako, akachota, akaonja kidogo yeye kwanza, ndipo akakukabidhi kwa mikono miwili. Alikuwa akiniambia kwamba mtu anakuja kilabuni aulizwe hali, boha ni kisingizio tu. Nilipofika darasa la tano alianza kuniachia nami nihudumie, na nilijivuna sana.

Kati ya wateja wake alikuwepo mzee mmoja mfuga nyuki. Ujanani aliugua ukoma akatibiwa akapona, ila vidole vyake vilikuwa vimebaki vifupi, vingine havipo kabisa. Kata aliishika kwa viganja viwili, kama mtu anayekinga maji ya mvua. Aliniita "mke wangu", kama mababu wanavyowatania wajukuu zao, na kila alipokuja aliniletea kipande cha sega la asali kwenye jani la mgomba. Nilikula asali ile miaka yote bila kujiuliza ilishikwa na mikono gani.

Mwaka ule mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha magonjwa ya kuambukiza, na mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Jumapili moja akaingia mgeni, mnunuzi wa mboga aliyekuwa akitokea Lukozi, viatu vinang'aa licha ya tope lote lile. Bibi alikuwa ameshuka kisimani. Mgeni alimtazama mzee wa nyuki kwa muda, kisha akaniita kwa kidole.

"Binti, na yule mnampa kata hizihizi?"

"Hapana," nikamwambia. "Yule ana chombo chake."

Ulikuwa uongo, na mgeni aliendelea kunitazama. Nikaingia jikoni, nikachukua lile kopo la maziwa ya unga tulilochotea pumba za kuku, nikalisuuza harakaharaka, nikachota boha nikampelekea mzee. Sikuonja kwanza.

Aliliangalia kopo, akaniangalia mimi. "Leo kata zimekwisha, mke wangu?"

"Mwalimu ametufundisha usafi," nikasema, kwa sauti ya kumfikia mgeni.

Mzee alilipokea kopo kwa viganja vyake, akasimama, akanywa yote mpaka tone la mwisho, akaliweka chini taratibu. "Asante, mwanafunzi," akasema, akachukua fimbo yake akaondoka. Mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema mtoto huyu atafika mbali. Na mimi nilifurahi. Nataka ulijue hilo pia, kwamba nilifurahi.

Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Bibi alipoulizia, mpasua mbao mmoja akamweleza yote. Nilisubiri fimbo, lakini bibi aliniambia tu, "Vaa gauni lako la kanisani." Tukavuka mto, tukapanda upande wa pili kwenye mikaratusi. Njiani alinieleza kwamba mzee yule alipona kabla mama yangu hajazaliwa, kwamba hospitali yenyewe ilimruhusu, na kwamba wao wawili wamekunywa kata moja tangu hapo.

Tulimkuta akitengeneza mzinga. Nikapiga magoti. "Shikamoo, babu. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Yamekwisha, inuka," akasema. Hakuniita mke wangu. Akaingia ndani, akakaa sana, nadhani alikuwa akihangaika na moto, kisha akatoka na vikombe viwili vya chai yenye asali, akivileta kimoja kimoja kwa tahadhari ili visimwagike.

Bibi alikunywa. Mimi nilikishika kikombe changu, joto likaniingia viganjani, harufu ya asali niliyoijua tangu utotoni ikanipanda usoni. Nilikuwa nimeshaelezwa. Nilikuwa nimeomba msamaha kwa machozi ya kweli. Lakini midomo yangu ilikataa.

"Nimeshiba, babu," nikasema.

Bibi akaunyoosha mkono, akakichukua kikombe changu, akakinywa nacho chote. Wakati wa kurudi alitangulia mbele, na tulipofika mtoni alisema bila kugeuka, "Siku ile mgeni alikutazama. Leo nani alikuwa anakutazama?"

Mzee alirudi kilabuni baadaye, kwa heshima ya bibi. Alikaa kwenye gogo lake lilelile, ila alingoja mpaka bibi mwenyewe aje kumhudumia. Asali hakuniletea tena. Niko sekondari, kidato cha pili, nilisikia amefariki. Bibi aliendelea kupika mpaka magoti yalipomshinda, kisha naye akafariki. Kinu kilipasuliwa kuni. Siku hizi vijana wanakunywa bia za chupa, kila mtu na chupa yake, na hakuna anayekuonjea kwanza wala kukuuliza maharage yako yameendeleaje.

Binamu aliniuliza nawaza nini. Nikamwambia namkumbuka bibi, akaridhika. Watoto wangu wanaijua hadithi hii ya kopo. Nimewasimulia mara nyingi, kuwafundisha adabu, na kila mara huimalizia pale ninapopiga magoti na mzee ananiambia niinuke. Wao wanadhani ndipo inapoishia. Ile chai sijawahi kuwaambia.