Kahawa ya Mahame

Hezron alipofariki mwaka 1969 kwa homa ya mapafu, alimwachia mkewe Sekela vitu viwili: binti wa miaka tisa aitwaye Tulinagwe, na mibuni mia nne bondeni, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Igamba, wilayani Mbozi. Sekela hakuolewa tena. Mibuni ile ilimlisha, ikamvisha, na ndiyo iliyompeleka Tulinagwe sekondari. Siku za Jumapili aliongoza kwaya ya akina mama ya Wamoravian, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko za wanaume wengi.

Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji. Watu wa bondeni walihamishiwa kijiji kipya cha juu, kando ya barabara. Nyumba ziliezuliwa ili watu wasirudi. Sekela alibeba vyungu, godoro na Biblia. Mashine yake ya kumenyea kahawa ilichukuliwa pamoja na nyingine tatu, zikafungiwa katika ghala la kijiji, nyuma ya ofisi. Mibuni ilibaki kule kulikohamwa, mahame, kwa kuwa mibuni haihamishwi.

Ukatoka na mwiko: mtu asionekane mahame. Viongozi waliogopa kwamba atakayekwenda kuchuma atalala huko, na atakayelala atajenga. Kuhusu kahawa walisema jambo hilo linashughulikiwa. Lilishughulikiwa mwaka mzima. Julai ya 1975 ilipofika, kahawa ya bondeni ilikuwa nyekundu mtini, nyingine imeshaanza kuanguka.

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Kaka yake Sekela, Mbonile, mzee wa kanisa mwenye koti moja jeusi la kila shughuli, alikuwa akimtafutia watu Mwalimu Lusubilo, aliyetaka ubunge. Kampeni zilikuwa hazijaruhusiwa, kwa hiyo Mbonile alizungumza na watu majumbani, kama anayepita kusalimia tu.

Alipofika kwa dada yake alimkuta akipeta mahindi.

"Dada, una akina mama thelathini kwenye kwaya," alisema. "Wanakusikiliza kuliko wanavyowasikiliza waume zao."

"Wanisikilize wakafanye nini?"

"Wampe Mwalimu kura. Ameniahidi kwa mdomo wake: akipita, jambo la kwanza ni mahame. Kila mtu atavuna chake."

Sekela aliweka ungo chini. "Kura ni lini, kaka?"

"Mwisho wa Oktoba."

"Na kahawa yangu imeiva lini?"

"Mwaka mmoja si mwingi. Kuna utaratibu wake. Unachagua mtu, mtu anakwenda kukusemea."

"Simkatai Mwalimu wako. Oktoba nitakwenda kupiga kura kama raia mwingine. Lakini Oktoba mtini hakutakuwa na kitu cha kusemewa, na Tulinagwe anarudi shule mwezi huu."

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Bado ninaomba," alisema Sekela. Kwa waliomjua, maneno hayo hayakuwa ya mtu anayesitasita. Alikuwa na desturi ya kumweleza Mungu kwanza jambo aliloamua, kisha wanadamu.

Wanadamu aliwaeleza Jumatano, baada ya mazoezi ya kwaya. Aliwaambia hawatakwenda kwa kujificha. Kesho watafyeka shamba la kijiji kama walivyopangiwa, mtu asije akawaita wavivu. Wakimaliza watapita mbele ya ofisi mchana kweupe na madebe yao, watashuka bondeni, watachuma, na kahawa yote wataileta ofisini siku hiyohiyo.

"Ofisini tena?" aliuliza Ferista, mke wa fundi cherehani. "Si tutakuwa tumejipeleka wenyewe?"

"Ndiyo. Mashine ziko huko. Na tukiificha, tutaitwa wezi wa kahawa yetu wenyewe."

"Wakitufunga je?"

"Watatufunga."

Ferista alifikiri. "Haya. Mume wangu naye ajipikie. Ana miaka kumi na miwili ndani ya nyumba ile na hajui chumvi inakaa wapi."

Walicheka, kisha wakasali, na hakuna aliyecheka tena hadi nyumbani.

Alhamisi walikwenda wanawake thelathini na mmoja. Njiani alisimama mgambo mmoja na rungu lake, akawaamuru warudi. Ferista alimpa debe alishike ili yeye ajifunge kanga vizuri, naye akalishika. Alipokumbuka kazi yake, nusu ya msafara ulikuwa umeshampita.

Kahawa mbivu ina tabia moja ambayo kila mtu wa Mbozi anaijua. Ikishachumwa ni lazima imenywe siku hiyohiyo. Ikilala katika debe inapata moto, inachacha, na hakuna mnunuzi atakayeitazama. Sekela aliijua tabia hiyo, na alijua kuwa mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa na mibuni yake mwenyewe mlimani, aliijua pia.

Saa tisa alasiri madebe yalipangwa mbele ya ofisi. Wanawake waliketi chini kando yake.

"Mmevunja amri," alisema mwenyekiti akiwa mlangoni.

"Tumeivunja, ndugu mwenyekiti," alijibu Sekela. "Kahawa yote hii hapa, hatukuificha hata punje. Tunaomba ufungue ghala tuimenye."

"Nani amewatuma?"

"Hakuna."

"Wanawake thelathini hawaamki tu wakaenda mahame! Mwaka wa kura huu. Ni Mwalimu Lusubilo, au ni yule mwenzake anayetaka ubunge?"

Mbonile alikuwa ameshafika, koti limejaa vumbi. Alimvuta dada yake pembeni ya ukuta.

"Umeniua. Watasema ni mimi niliyewapanga." Kisha akapunguza sauti. "Lakini sikiliza. Mwenyekiti naye ni mtu wetu. Nimezungumza naye sasa hivi. Sema tu kwamba mmekuja kumwomba Mwalimu awasaidie. Sema mna imani naye. Atafungua, na Mwalimu atapata la kusema kwenye mikutano."

"Kwa hiyo nikisema uongo, ghala litafunguka?"

"Si uongo mkubwa."

Sekela aliyatazama madebe. Mvuke mwembamba ulikuwa umeanza kunukia utamu wa kuchacha. Humo ndani mlikuwa na jasho la wanawake thelathini na mmoja, na yeye ndiye aliyewaleta. Neno moja lingetosha, na lilikuwa ulimini.

"Hawa hawakuja kwa Mwalimu, kaka. Nikimpa leo siku yao, kesho watamwomba yeye ruhusa ya kila kitu."

"Na ikioza?"

"Itaoza hapa, mbele yetu sote, na mwenyekiti ataandika ripoti kwa Katibu Kata aeleze imeozaje."

Alirudi akaketi. Hakuimba, wala hakuwaruhusu wengine waimbe, isije ikaitwa kampeni. Walikaa hivyo kwa muda wa saa moja na zaidi. Mwenyekiti aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Mara ya tatu alipotoka aliinama, akatumbukiza mkono katika debe la karibu hadi kwenye kiwiko, akauchomoa haraka.

"Imeshapata moto," alisema, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amezidiwa. Akatoa ufunguo mfukoni. "Hili ni zao la taifa. Nafungua kwa ajili hiyo tu, mnanisikia? Na majina yenu yote nayaandika."

"Yaandike, baba," alisema Ferista. "Langu lina F."

Mashine nne zilitolewa. Ya Sekela ilikuwa imeshika kutu, na mkono wake ulikuwa mzito. Wanawake walipokezana mpaka mabega yakakataa. Hapo Mbonile alivua koti lake, akalitundika kwenye msumari wa mlango, akashika mkono wa mashine na kuanza kuzungusha.

"Asante, kaka," alisema Sekela.

"Nazungusha mashine. Sijakusamehe."

Jua lilipozama kahawa yote ilikuwa imemenywa na kuwekwa majini.

Majina yale yalipelekwa kwa Katibu Kata. Sekela aliitwa mara mbili, akahojiwa, akaondolewa katika kamati ya akina mama ya kijiji. Lakini Alhamisi iliyofuata wanawake waliteremka tena, safari hii wakisindikizwa na mgambo yule wa debe, na wakaendelea hivyo hadi mibuni ilipobaki majani matupu. Tulinagwe alirudi shule akiwa amechelewa wiki mbili. Barua ya kuruhusu mavuno ya mahame ilifika Desemba. Mwalimu Lusubilo, aliyepita kwa kura nyingi, alisema ni kazi yake, na huenda kweli aliisukuma.

Mbonile hakukanyaga kwa dada yake hadi Krismasi. Alipokuja alimuuliza alimpigia nani kura. Sekela alimkaribisha chai, akasema hilo ni kati yake na sanduku.