Plasma Yangu ya Mtumba na Kofia ya Mzee

Leo nimejua TV yangu ilikuwa ikifanya kazi gani kabla ya kunifikia.

Ni plasma ya mtumba, nzito kama mlango wa kanisa. Wiki mbili nimewachosha hapa nikiisifu.

Leo baba akatoka Khayega kuja kuikagua. Kwa mambo ya TV, Mzee ndiye jaji. Miaka ya tisini alikuwa na ile ya betri ya gari, na majirani wote walijaa kwetu kutazama mpira.

Akakaa. Akafunga macho kwanza, asikilize sauti.

"Sauti iko sawa. Haikwaruzi."

Akafungua macho. Mtangazaji wa habari alikuwa na shati jeupe. Mzee akasogea karibu na kioo.

"Msichana yangu, ni nani ameaga?"

Nikaangalia. Kifuani mwa mtangazaji, hafifu kama chai ya maji mengi, palikuwa na maandishi: BURIANI MPENDWA WETU.

Msicheke bado.

Nikampigia simu aliyeniuzia. Kumbe ilikuwa ikikodishwa matangani. Picha za marehemu zilibadilika, maneno yakabaki palepale, mpaka yakaungua ndani ya kioo.

Nikamweleza. Alivua kofia, akaiweka gotini.

Nikaleta ugali na ingokho, kuku wa kienyeji. Akala bila kofia. Mpira ukaanza, timu yake ikafunga, hakupiga makofi.

Mlangoni ndipo akaivaa tena. Nikamuuliza, "Na picha je?"

"Picha ni safi. Lakini ungeniambia mapema, ningebeba sukari. Mtu haendangi matanga mikono mitupu."