Nilipomwonea Mdogo Wangu Wivu wa Vitamini D

Nakumbuka siku mdogo wangu wa kike, Eliwaza, aliponikuta nikipekua droo yake ya nguo za ndani. Nilikuwa na miaka sitini na tisa. Usicheke, mwanangu. Ukifika huku niliko utajua kuwa sitini na tisa nayo ni ujana, na ina upumbavu wake.

Tunaishi wawili tu katika fleti moja hapa Thamesmead, watoto wa baba mmoja na mama mmoja kutoka Same, Tanzania. Sote tulifanya kazi ya kutunza wazee, hata tukawa wazee wenyewe bila kuarifiwa. Tunakula ugali mmoja na dagaa wale wale. Jua likitoka, maana hapa London jua huja kama mgeni asiyetaka kuvua viatu, tunakaa barazani kwenye viti viwili vilivyogusana. Basi miguu ilipoanza kuniuma na daktari akatupima damu sote, nilijua majibu yatakuwa pacha.

Hayakuwa. Vitamini D ya Eliwaza ilikuwa nzuri, yangu ilikuwa chini kabisa. Daktari akaniandikia kidonge kimoja kwa siku. Njiani Eliwaza, mtoto niliyembeba mgongoni mimi, akaniambia, "Pole dada. Labda kiti chako kiko kivulini."

Maneno hayo yaliniudhi. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako. Huyu anameza kitu kwa siri. Ndipo nikaifuata droo. Nilikuta soksi, Biblia ndogo na peremende.

"Natafuta sindano ya kushonea," nilimwambia aliponikuta.

Akafunga droo, akaenda kupika. Kwa siku tatu alinisalimia kama mtu anavyomsalimia jirani wa ghorofa ya chini.

Badala ya kuona aibu, mimi niliona mashindano. Nikapanda treni hadi Southall, upande wa pili wa jiji, kwa sababu wauza dawa wote wa kwetu wanamjua Eliwaza. Nikanunua vidonge vikali kuliko vya daktari, nikawa nameza vinne kwa siku. Baada ya miezi miwili nilikuwa na kiu isiyokatika, kichefuchefu, na choo kigumu ambacho sitakusimulia. Nikadhani dawa inafanya kazi. Nikarudi Southall kuongeza.

Siku hiyo alikuwapo mwenye duka, mama wa Kipunjabi aliyenizidi umri, mzaliwa wa Kisumu. Aliponisikia nikinung'unika peke yangu, akanijibu kwa Kiswahili.

"Mama, umemaliza chupa nzima ya maji tangu uingie hapa. Unameza vidonge vingapi kwa siku?"

Nikanyoosha vidole vinne.

"Nani alikuandikia vinne?"

Nikamweleza yote, hata habari za droo. Alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akavirudisha vidonge rafuni.

"Sisi tulizaliwa dada watatu," alisema. "Mmoja alipata pua ya baba, mwingine sukari ya mama, mimi nikapata magoti ya nyanya. Na damu ni hivyo hivyo. Kuna mwili unatengeneza hiyo vitamini kwa urahisi, mwingine unaibeba vizuri, mwingine unaivunja haraka. Mama ni mmoja, lakini kila mtoto huchota vinasaba vyake. Dada yako hajakuibia kitu. Hivyo vidonge uviache leo, na leo hii uonwe na daktari. Ukizidisha, kalsiamu inajaa kwenye damu, figo zinaumia."

Mwanangu, safari ya kurudi ilikuwa ndefu, kwa kuwa ilibidi nimwambie Eliwaza. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Dada, ulitaka kufa kwa ajili ya namba?" Akavaa koti, akanipeleka hospitali.

Kweli kalsiamu ilikuwa imepanda. Nililazwa siku mbili nikitiwa maji ya dripu, naye akikaa kando ya kitanda na chupa ya uji. Siku ya pili alimsimulia muuguzi mmoja aliyejua Kiswahili kisa cha sindano, wakacheka wote wawili mpaka mgonjwa wa jirani akaomba atafsiriwe. Nilijua nimesamehewa.

Baadaye daktari alinirudisha kwenye kidonge kimoja. Namba yangu ilipanda polepole ikatosha. Ya Eliwaza bado inaipita, na bado ananikumbusha.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayempangia mama yako dawa. Vidole vya mkono mmoja havilingani, sembuse watu wawili. Usimpe mama yako kipimo cha mama yako mdogo, hata kama walinyonya ziwa moja. Apimwe yeye, afuate alichoandikiwa yeye. Tena muulize anachomeza kwa siri, maana sisi wazee ni waongo. Na siku ukimwonea ndugu yako wivu, mwambie mapema, kabla hujaanza kupekua.

Mungu akupe mifupa migumu na moyo laini, na akuzeeshe ukiwa na mtu wa kucheka naye.