Nyenje wa Oktoba Masikioni mwa Mzee Rutilio

Oktoba ile mvua ilikuwa inatupiga mkoani kwetu Usulután bila huruma, na mzee Rutilio akaniambia anasikia nyenje.

Kwetu nyenje wanalia Machi, kwenye jua kali la kuelekea Pasaka. Oktoba hakuna nyenje.

"Wewe huwasikii?" akaniuliza.

"Nasikia mashine tu, mzee."

"Basi una bahati."

Tulikuwa hospitalini mjini, kwenye viti vyetu, sindano mkononi, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Mimi naitwa Adalberto. Nimekata miwa miaka kumi na tisa, mafigo yakaniharibikia shambani. Mzee Rutilio, jirani yangu wa kiti, naye mkata miwa, alikuwa mwaka wa sita kwenye mashine.

Nilikuwa nakwenda Jumanne na Ijumaa. Basi linachukua saa mbili na nusu kwenda, saa mbili na nusu kurudi. Ukishuka huna hamu hata ya kuongea na mkeo.

Nilikuwa nimechoka, ndugu zangu. Naomba mlielewe hilo kwanza kabla hamjanicheka.

Ila nilikuwa na kitu ambacho wengi pale hawana. Nilikuwa bado nakojoa.

Mke wangu Candelaria alikuwa na galoni la juisi ya machungwa, ameliosha mara tatu, la kukusanyia mkojo wangu wa siku nzima daktari akitaka kupima. Ulikuwa unafika vidole vinne. Kwa ajili ya vidole hivyo vinne nilienda siku mbili, wenzangu tatu, na nilinywa maji glasi moja zaidi yao. Kwa joto la kwetu, glasi hiyo si mchezo.

Daktari Umaña alinipa vidonge vya kukojoa. "Figo lako bado linajikongoja, Adalberto. Hivi vinalisukuma. Usiviache."

Hiyo ilikuwa kabla ya nyenje. Mzee Rutilio alinicheka.

"Mdogo wangu, kazi inafanywa na mashine. Kidonge cha nini? Kukimbizana na choo tu. Lete huku, nina jamaa yangu miguu inamvimba, nikampe."

Nilikuwa nameza vidonge kumi na moja kwa siku. Mtu akikwambia punguza kimoja, unabisha? Nikawa namkabidhi pakiti nzima kila mwezi. Nikajiona mjanja.

Mwezi wa tatu wa kumpa mzee vidonge, viatu vikaanza kunibana. Nikipanda mzani, kilo nne za maji. Nikilala chali, pumzi hazitoshi.

"Kusanya mkojo," daktari akasema. "Ukiwa umepungua, tunaongeza siku ya tatu."

Siku ya tatu maana yake tuhamie mjini. Mwili wangu usingeweza basi lile mara tatu kwa wiki. Tuache nyumba, mahindi, na kuku wa Candelaria.

Tulikusanya. Candelaria akaweka kidole kwenye galoni. Kimoja, basi. Akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Ijumaa daktari akalitazama galoni, akanitazama mimi.

"Vidonge unameza?"

"Nameza, daktari."

Uongo mtupu, nimekaa kwenye kiti cha mgonjwa.

Hapo hapo nesi akaja juu. "Mzee Rutilio, nakuita mara ya nne hii!" Mzee hata hakugeuka. Daktari akamsogelea, akampigia makofi nyuma ya sikio. Hakushtuka.

Akamwandikia kwenye karatasi: unameza dawa gani ambayo sijakupa?

Mzee akaisoma. Kisha akavuta mfuko wake, akatoa pakiti. Zina jina langu.

Daktari akanigeukia. Nikaangalia sakafu.

"Jamaa yako je?" nikamuuliza mzee kwa sauti ya juu. Akanisoma midomo.

"Hakuna jamaa. Ni mimi. Miaka minne sijakojoa hata tone, Adalberto. Nilikuwa nameza vitano vitano. Nilitaka tu kuusikia ule mlio chooni, hata mara moja."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nilimwonea huruma, na mimi mwenyewe nikajionea aibu.

Daktari alituambia wote wawili, mmoja kwa mdomo, mwingine kwa karatasi. Kidonge kile kinasukuma figo lenye uhai. Lililokufa halisukumiki, na dawa ikizidi mwilini inakwenda kuharibu masikio. Nyenje ndio hao.

Tulihamia mjini. Jumapili nayo ni ya mashine sasa. Vidonge nimevirudia, navimeza Candelaria akiwa amenisimamia.

Mzee bado ni jirani yangu wa kiti. Sikio moja limerudi kidogo, jingine bado.

Nawaambia mlio kwenye mashine, na mlio na wagonjwa nyumbani: kidonge chenye jina lako kimeze wewe. Kikikuchosha, mwambie daktari umechoka. Usimpe jirani, hata akikuomba vizuri namna gani.

Juzi mzee aliniuliza galoni linasemaje. Nikamwonyesha vidole viwili. Akafurahi utadhani amekojoa yeye.