Mama Mukhisa

Pale Tuwan, Kitale, wachache walijua kwamba jina lake ni Nasimiyu. Tulimwita Mama Mukhisa, naye aliitika kwa raha ungedhani alizaliwa akiitwa hivyo. Alikuwa mjane, na Mukhisa ndiye mtoto wake wa pekee.

Alimfulia na kumpikia mwalimu wa hesabu kutoka Sri Lanka, Mbuddha mpole asiyeua hata nzi. Siku moja mwaka wa 1987, mwalimu alimwambia kwamba ndani ya mtu hakuna kitu cha kudumu kinachoitwa "mimi", na kwamba tunateseka kwa kung'ang'ania "changu".

"Ati mimi si mimi?" akacheka. "Na hii shati nani amekufulia, Mwalimu?"

Mtaa mzima ulirudia maneno hayo, tukishika mbavu.

Mwaka uliofuata malaria ikamuua Mukhisa, kijana mzima aliyekuwa anatafuta mchumba. Tulimzika Sirisia, kwa babake. Mama yake alirudi Tuwan akawa haongei. Ila ukimwita "Mama Mukhisa" aliinua kichwa, macho yakapata uhai kidogo, kwa hivyo tulimwita hata bila haja.

Kisha Peris, mke wa shemeji yake kule Sirisia, akajifungua mtoto wa kiume aliyelia bila kunyamaza. Kwao mtoto kama huyo hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo. Akinyamaza, jina limepatikana. Walitaja wazee wote, wapi! Likabaki moja, la Mukhisa, na nani angethubutu? Wakamwita mama yake, nikamsindikiza.

"Dada, ukikataa tutaelewa tu," Peris alimwambia.

Alimpakata mtoto, ambaye sauti ilikuwa imeshamkauka kwa kilio. "Mukhisa ni wangu," alisema. Nikamwomba Mungu huyu mama akatae. Halafu akainamia sikio la yule mtoto: "Mukhisa."

Mtoto akanyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele.

Tulipokuwa tunaondoka, jirani akaita, "Mama Mukhisa!" Akageuka upesi, uso umefunguka. "Naam?" Lakini jirani alikuwa anamwita Peris, na Peris alishaitika.

Tuliporudi Kitale, Mwalimu alimkuta ameinamia karai la nguo, mikono imesimama ndani ya maji.

"Ulisema kweli, Mwalimu," alimwambia. "Hakuna mimi. Sasa hii uchungu ni ya nani?"

Mwalimu aliketi chini kando ya karai, akalia naye.