Siku Niliyovua Aproni kwa Sarafu za Mchina

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, leo naitua hapa mbele yenu, mcheke mmalize. Kutoka Entarara hadi Kitengela nilisafiri siku mbili juu ya lori la vitunguu, kwa sababu liliharibika Emali, na niliposhuka nilikuwa nanuka kiasi kwamba mtu wa kwanza kuniongelesha mjini aliniuliza gunia ni pesa ngapi. Hiyo haikuwa aibu. Aibu yenyewe ilikuja miaka miwili baadaye, nikiwa nimeshiba na akili timamu.

Ilikuwa ile miaka Wachina walipokuwa wakitengeneza barabara ya Namanga. Nilikuwa nakata nyama kwenye bucha ya Mzee Hassan, mtu wa Garissa, mpole, asiyepandisha sauti hata mbuzi akimponyoka. Mizani yake ya sahani mbili ilikuwa imeinama kidogo upande wa nyama, na kila asubuhi niliisawazisha kwa kipande cha waya ambacho hakikukosa kudondoka kabla ya saa nne. Mzee alikuwa anafungua bucha ya pili Kajiado, na aliniambia, "Entarara (hilo ndilo jina walilonipa), ile ya Kajiado utashika wewe." Kwa mtu kama mimi, ambaye sijawahi kukaa mahali mpaka nikajua jina la mbwa wa jirani, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Sasa, mpishi wa kambi ya Wachina alikuwa mteja wangu wa matumbo. Siku ya kurudi kwao alikuja kuniaga, akanipa kiboksi chekundu chenye sarafu kumi za rangi ya shaba, zenye maandishi yao, kila moja na tundu la mraba katikati. Akainua kidole gumba, nami nikainua changu. (Hakunidanganya hata neno moja. Hakujua Kiswahili.)

Ningekitia kile kiboksi chini ya godoro, mambo yangeishia hapo. Lakini nilienda kunywa chai kwa Mama Ciku, mwenye hoteli ya mkabala, nikaona nimwonyeshe tu. Kando yake alikuwa ameketi Mzee Ole Sankale, dalali wa ng'ombe, akaichukua moja akaingiza ukucha kwenye tundu.

"Ero, kijana wangu, unakumbuka ile senti kumi ya mkoloni, ya tundu? Kuna watu wananunua hiyo bei kali, kwa sababu ni ya zamani."

"Lakini hiyo ilikuwa na tundu ya mviringo," Mama Ciku akasema.

"Ndiyo maana! Kama ya mviringo ni ya mkoloni, hii ya pembe nne ni ya kabla ya mkoloni."

Tuliitikia kwa vichwa wote watatu, maana hesabu ilikuwa imekaa sawa. Ole Sankale akasema siku ya soko kule Kajiado hupita wanunuzi wa vitu vya kale, wale wanaotafuta vibuyu na shanga za mabibi. Mpaka chai inaisha sarafu moja ilikuwa imefika bei ya mbuzi, kisha ya ndama, na kufikia jioni zote kumi zilikuwa ploti kando ya lami, na hakuna mnunuzi hata mmoja aliyekuwa ameulizwa.

Asubuhi ya soko niliingia buchani nimevaa koti, wateja wamepanga foleni. Nikachukua aproni yangu, nikaitundika msumarini polepole ili kila mtu aone.

"Mzee Hassan, nimeshika mafuta ya mbuzi ya kutosha."

"Umepata kazi ingine?"

"Nimepata mali."

"Wallahi? Na Kajiado?"

"Kajiado tafuta mtu." Kisha, kwa ukarimu wa tajiri, nikampa sarafu moja ya kunikumbuka. Akashukuru, akaitia kwenye mfuko wa shati, akatoa humo humo ufunguo mpya wenye kamba. "Nilikuwa nikupatie leo," akasema, akaurudisha.

Hata hapo sikushtuka! Tulienda Kajiado watatu, Mama Ciku amefunga hoteli kabisa. Nikasimama katikati ya soko, nikafungua kiboksi, nikatangaza kwa sauti, "Za kabla ya mkoloni!" Watu wakatuzunguka. Mama mmoja muuza shanga akanyoosha shingo, akatazama bila haraka.

"Ero, unauza kwa kilo ama kwa kamba?"

Akafunua karai lake. Zilikuwemo mamia, sura ile ile, tundu lile lile, zimefungwa mikufu mikufu. "Tunatoa Nairobi. Ni za kiwanda. Tundu yake inapitisha uzi vizuri." Akazihesabu zangu. "Hizi tisa nitakupatia bangili moja."

"Ngai! Na nimefunga hoteli!" Mama Ciku akalia. Ole Sankale aliona binamu yake ng'ambo ya soko, akaenda kumsalimia kwa saa nzima. Mimi nikachukua bangili, maana ilibidi niondoke na kitu.

Kesho yake nilirudi buchani nikiangalia sakafu. "Aproni iko msumarini," Mzee Hassan akasema, basi. Ufunguo alikuwa amempa mpwa wake, naye alishatangulia Kajiado. Wateja hawakuwa wapole hivyo: "Tajiri, nusu kilo, na usinipe mfupa wa kabla ya mkoloni!"

Nilipoinua macho kupima hiyo nusu nikaiona sarafu yangu, imefungwa kwa uzi kwenye mkono wa mizani pale pa waya. Nilifanya kazi chini yake miezi minane, kisha miguu ikaanza kuniwasha, nikaaga kwenda Ngong. Nikamwomba Mzee ile sarafu, iwe kumbukumbu.

"Hapana. Hiyo nikitoa, nitaibia watu."

Tangu siku hiyo sijawahi kuvua aproni kabla ya kuuliza wamama wa shanga, na hata nyie nawashauri hivyo. Mzee akanipimia kilo moja ya njiani. Sahani zikacheza kidogo, zikasimama sawasawa, nikachukua nyama yangu nikaenda.