Mlio wa Vitufe Nyuma ya Pazia

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori la korosho, na kazi ya dereva wa lori la korosho si kuendesha kama watu wanavyodhani. Ni kungoja. Anapakia magunia kwenye chama cha msingi cha wakulima huko vijijini, anayaleta kwenye ghala kuu hapa Masasi, kisha anajipanga nyuma ya malori mengine kusubiri zamu ya kushusha. Msimu ukichanganya, foleni hiyo humlaza mtu hapo mpaka shati libadilike rangi. Wenzake walicheza bao, wengine walilala chini ya tela, na wengine walikuwa na shughuli zao za mjini ambazo wake zao wanazijua. Wangu alinunua padi.

Kwa asiyeijua, padi ni kidude cha plastiki cha kuchezea gemu. Hii yake ilikuwa ya kuvutika: unaivuta pembeni, unaipachika simu katikati, ukiiachia inaibana barabara. Kushoto kuna vitufe na kijiti cha kuzungusha, kulia hivyo hivyo, na simu inageuka runinga ndogo ya mkononi. Alicheza mpira wa miguu. Alikuwa na timu yake, na alivyokuwa akisimulia habari za beki wake wa kushoto ungedhani ni mtu wa kwetu Lisekese niliyekua naye.

Nilikichukia kidude kile kuliko ambavyo ningemchukia mke mwenza. Mke mwenza angalau ningemtukana akanijibu. Mume anarudi baada ya siku nyingi za barabarani, anaoga, anakula, anajitupa kwenye kochi, na mimi nimejaa maneno kifuani. Ile naanza tu kumweleza habari za watoto, nasikia: tka, tka-tka, tka. Anaitikia "eeh, eeh," macho yako kwenye goli. Nilimwambia yeye ni mtoto mkubwa. Siku moja niliificha ile padi ndani ya debe la unga, na alipoitoa ikiwa nyeupe alicheka mpaka akakaa chini. Hakuwa mtu wa kukasirika. Hasira za nyumba nzima nilizibeba mimi.

Mara ya mwisho alinipigia akiwa kwenye foleni. Aliweka spika, na nyuma ya sauti yake nikasikia vitufe. Nikamwambia, "Ongea na hilo gemu lako, ndilo mkeo," nikakata. Alipiga tena, sikupokea. Nilikuwa nakaanga dagaa, na hasira zangu hazijawahi kuwa na haraka ya kwisha.

Alifia palepale kwenye kiti cha lori, mchana, foleni ikiwa haijasogea. Hospitali walisema presha. Dereva mwenzake ndiye aliyeniletea vitu vyake ndani ya mfuko wa rambo: kofia, leseni, ndala, na simu ikiwa bado imepachikwa kwenye padi. Akaniambia kwa upole, "Shemeji, tulimkuta nayo mkononi." Nilichokuwa nakiwaza ni ile simu ambayo sikuipokea.

Tulimzika kwao Mkunya, na eda nikaikalia hukohuko kwa mama yake, katika chumba alicholala yeye akiwa kijana. Watoto walibaki kwa mama yangu kwa sababu ya shule. Bibi mmoja wa jirani ndiye aliyenieleza masharti: sitoki bila haja, sijipaki mafuta ya kunukia, sipaki wanja, sivai cha kupendeza, wala sicheki cheko la kusikika nje. Mlangoni palitundikwa pazia. Nje ya pazia, barazani, ndipo mama mkwe alipotandika mkeka wake, akawa anamenya mihogo, anapokea wageni na kunilinda mimi mjane wa mwanawe.

Mama huyo macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Alitutambua kwa sauti na kwa mwendo wa miguu. Kwa hiyo masikio yake yalikuwa makali, na moyo wake ulikuwa na hofu moja tu, ambayo kila mgeni aliondoka akiwa ameisikia. Alikuwa akiwauliza, hasa madereva waliokuja kutoa pole: "Mwanangu alikuwa anaswali? Huko njiani alikuwa anamkumbuka Mungu?" Madereva waliangalia chini na kusema marehemu alikuwa mtu mwema. Na mimi aliniuliza. Nilimwambia Ijumaa akiwa nyumbani alikuwa haachi. Akasema, "Ijumaa akiwa nyumbani," kama mtu anayepima unga na kuona hautoshi.

Simu ya marehemu ilibaki kwangu kwa sababu watu waliendelea kuipigia kutoa pole. Tuliichaji kwa sola. Kati ya pole na pole, gemu nalo lilikuwa likileta ujumbe wake: timu yako inakungoja. Nilitaka kulifuta. Nikalifungua kwanza nione ninachokifuta, nikakuta ligi yake imebakiza mechi chache na timu iko nafasi ya pili. Nikajiambia nitamalizia kazi ya marehemu kisha nifute.

Huo ulikuwa uongo mtupu. Ligi niliimaliza, tukashika nafasi ya tatu kwa ujinga wangu, nikaanzisha nyingine. Mwanzoni vidole vyangu vilikuwa mbumbumbu, wachezaji wanakimbia kuelekea golini kwao wenyewe. Baadaye nikajua kitufe cha pasi, cha shuti, na kile cha juu pembeni kulia cha kuongeza mbio. Nilikuja kumjua beki wa kushoto. Kweli alikuwa hodari, yule. Nikiwa ndani ya mechi sikuwa mjane, sikuwa na simu ambayo sikuipokea, sikuwa na chochote ila mpira. Mechi ikiisha ninarudi chumbani, naona kanga yangu ya eda, na aibu inanishika mpaka shingoni. Mtu amekufa, mkewe anatafuta goli la kusawazisha. Halafu nacheza tena ili aibu ipungue.

Siku niliyofunga goli langu la kwanza la kichwa nilicheka. Niliwahi kujiziba mdomo kwa kanga, nikajikunja kitandani mabega yakitikisika. Barazani wanawake wakanyamaza. Kisha nikamsikia yule bibi wa masharti akisema, "Mwacheni alie. Kilio kikikaa tumboni ni ugonjwa." Kicheko kilichozibwa kwa kanga na kilio ni ndugu wa tumbo moja, kumbe. Siku hiyo ndiyo niliyolia kweli, lakini baadaye, walipokuwa wameondoka.

Kuhusu ule mlio, mimi sikuufikiria kabisa. Sauti ya gemu niliizima, nikajiona mjanja. Nilisahau kwamba vitufe vina sauti yao, na kwamba katika nyumba ya mama yule, tka moja haipotei.

Mke wa mwalimu wa madrasa alikuwa na tasbihi ya kisasa, zile ndogo za kuvaa kidoleni, unabonyeza na yenyewe inahesabu. Alikaa barazani siku moja, wakawa wanazungumza habari za mvua na mihogo. Mimi ndani nilikuwa nimebanwa na mechi, tunaongoza goli moja na dakika zimebaki chache. Nikasikia akisema, "Msikilizeni. Tangu nimekuja hajapumzika. Anayo kama yangu hii." Akabonyeza yake, tka, ili wasikie inavyofanana.

Mama mkwe akauliza polepole, "Ni uradi huo?"

"Ndiyo, mama. Anamsomea mumewe."

"Nnungu wangu," akasema mama mkwe. Nilisikia kisu kikiwekwa chini, kisha nikasikia akilia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Hapo ndipo nilipopaswa kutoka. Ningefungua pazia, niseme mama, ni gemu, nisamehe. Nilikaa pale kitandani na mpira miguuni mwa mchezaji wangu. Ningeanzia wapi? Siku hizo chache mama alikuwa hali chakula, ugali anaugusa tu. Jioni ile alikula. Kesho yake wanawake waliokuja walinisalimia kwa heshima mpya, na mmoja mdogo wangu kiumri akanipa shikamoo kwa unyenyekevu mpaka nikashindwa kuitika marahaba. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya kwangu wanawake wa Mkunya waliisafisha na kuipanua.

Mama mkwe alifika mbali zaidi. Alianza kunifuata. Alichukua tasbihi yake ya kawaida, akakaa karibu na pazia, na kila nilipobonyeza akasogeza punje moja huku akinong'ona. Sikulijua hilo mpaka siku niliyoacha. Aibu ilikuwa imenielemea, nikaichomoa simu, nikaitupa padi chini ya mto. Baada ya muda nikasikia sauti yake: "Mwanangu, mbona umenyamaza? Nilikuwa nakufuata."

Niliitoa padi chini ya mto. Bila simu, ikiwa plastiki tupu, nikabonyeza kitufe kimoja na kusema Subhanallah. Nikabonyeza tena. Safari hiyo nilimaanisha, naapa nilimaanisha, na bado kidole gumba cha kushoto kilikuwa kinazungusha kijiti kutafuta nafasi ya kupiga shuti. Tangu hapo nikawa na siku za namna mbili: za uradi wa kweli, na za mpira. Mama mkwe nje alizihesabu zote sawa.

Siku ya kutoka edani nilioshwa, nikavikwa nguo mpya, na wanawake wakawa uani wanapika pilau. Mama mkwe aliingia chumbani akipapasa ukuta, akakaa kitandani kando yangu.

"Mwanangu, nipe nikishike hicho kitasbihi chako. Utaondoka nacho kesho, nami sijakigusa."

Nilimpa. Alikipapasa kwa mikono yote miwili, vitufe, vijiti, ile sehemu ya katikati inayovutika.

"Kikubwa hivi?"

"Ndiyo, mama. Ni vya siku hizi."

Akabonyeza. Tka. Akainua uso wake kuelekea dirishani, ingawa yeye halioni.

"Ndio huo huo," akasema. "Hiki kilikuwa cha kwake?"

"Cha kwake, mama."

"Wale madereva walisema alikutwa kashika kitu. Ndicho?"

"Ndicho."

Mpaka hapo sikuwa nimesema uongo. Akanishika mkono. "Kwa hiyo mwanangu amekufa anamtaja Mungu?"

Ningefanyaje? Nilimwona alivyokuwa ameninyanyulia uso. Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. Alisema tena na tena, na mimi kwa mara ya kwanza tangu msiba nikahisi nimefanya jambo moja jema kwa watu wa nyumba hii. Nikajisemea, huu ndio mwisho wa dhambi yangu, imemfaa mtu.

Kisha akabonyeza tena kile kitufe, akasikiliza, akabonyeza. Uso wake ukaanza kubadilika.

"Basi nilimsingizia," akasema.

"Mama?"

"Idi ile alipokuja. Alikaa humu humu ndani, mimi niko pale nje na wageni. Nikausikia mlio huu. Nikampazia sauti mbele za watu, wewe huna Mungu, hata Idi unachezea simu, utakuja kufa na simu mkononi. Hakunijibu. Alitoka akicheka tu, akaninawisha mikono tukala." Machozi yakaanza kumtoka. "Kumbe alikuwa anasoma. Mwanangu alikuwa anasoma, mimi nikamkatiza. Na akafa kama nilivyomtamkia."

Nilifungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo: Mama, ulisema kweli. Alikuwa anacheza mpira siku ya Idi, na alikuwa anacheza mpira alipokufa, na mtu aliyemkosea ni mimi niliyemkatia simu. Lakini nikiyasema hayo namnyang'anya Mungu aliyempata mkononi mwa mwanawe, na eda yangu yote aliyoifuata punje kwa punje. Nisipoyasema, namwachia hatia isiyo yake aingie nayo kaburini. Nilitafuta njia ya katikati na sikuiona. Nikafunga mdomo.

Aliinama juu ya ile padi. "Nisamehe, mwanangu," akasema, akabonyeza. "Nisamehe." Tka. Nilikaa kando yake na nguo yangu mpya, nikisikiliza. Walipotuita kwenda kula alisema nitangulie, yeye bado hajamaliza.